Farasi na Mbuzi

Nilimpanda farasi kwa ubishi. Mume wangu alikuwa mtunza farasi wa hoteli moja pale Malindi, wale waliokuwa wakipandwa na wageni ufuoni, na kila akirudi nyumbani Muyeye ni sifa za farasi tu. Jumapili moja, miaka ile ya themanini, wageni walikuwa wachache, nikamwambia, "Leo napanda mimi." Akacheka. Nani kamwambia acheke!

Akanipandisha, akashika hatamu kwa mkono mmoja na kiuno changu kwa mkono wa pili. Hatua chache tu, nikaona nishajua. "Niachie," nikamwambia. Hakutaka. Nikapaza sauti, "Niachie bwana, mimi si mtoto!" Akaniachia. Upepo ukaipeperusha leso yangu, ikamfunika farasi macho. Akaruka, nami nikatua matako chini juu ya mchanga wa maji kupwa, mgumu kama sakafu. Nilisikia kitu kikilia mgongoni. Hata kumtukana mume wangu nilishindwa.

Daktari alisema pingili moja ya uti wa mgongo imepata ufa. Kutembea nitatembea, kukaa kama zamani, hakuniahidi. Nilale chali, juu ya kitu kigumu. Kitanda chetu kilikuwa cha kamba, kimebonyea katikati. Mume wangu akaung'oa mlango wa chumba, akautandika juu yake, na pale palipokuwa na mlango tukatundika pazia. Kila apitaye akawa anachungulia kunipa pole. Nilichoka na pole zao, lakini siku asipopita mtu nililia.

Kazi yangu ilikuwa kuuza mahamri. Mahamri hayawi mahamri bila tui, na tui hulipati mpaka ukae juu ya mbuzi, kile kibao kifupi chenye ulimi wa chuma wa kukunia nazi. Asiyeweza kukaa hakuni. Hilo liliniuma kuliko mgongo wenyewe. Mamangu, aliyekuja kutoka Takaungu kuniuguza, akajaribu kunichekesha: "Haya mwanangu, farasi umempanda. Sasa mbuzi ndiye anayekushinda?" Nikacheka, kicheko kikanichoma mgongo, nikaishia kulia. Naye akalia, huku akinipangusa kwa ncha ya leso yake.

Mume wangu ndiye aliyekuna. Akitoka kazini, harufu ya farasi bado imemganda, huketi uani akakuna. Wanaume wa mtaani wakawa wanamwita bwana mbuzi. Alikuna mpaka akafika kwenye kifuu, tui likatoka na chembe nyeusi, nami nikimpigia kelele kutoka juu ya mlango wangu: "We! Unakuna nazi ama unachonga upawa?" Akachukua nazi nyingine, akaendelea. Tangu siku ile ya ufuoni hakunigusa mgongo. Mafuta nilisuguliwa na mamangu. Jamani, nilimwonea huruma mume wangu kuliko nilivyojionea mimi.

Mvua za vuli zilipokwisha, nilikuwa nikifika kisimani kwa kushika ukuta. Kiti nacho nikakizoea pole pole. Mbuzi ndiye niliyekuwa bado namwogopa.

Alasiri moja nikamsimamia mume wangu pale uani. "Inuka, nataka kukuna."

Akaniangalia. "Wewe?"

"Kwani mahamri ni ya nani?"

Akainuka. Nikashuka taratibu, mkono wangu begani mwake, nikakaa. Maumivu yakapanda mpaka kisogoni, halafu yakatulia. Ndipo nikauhisi mkono wake kiunoni, pale pale alipokuwa amenishika siku ile. Nikakuna mara moja. Chembe za nazi zikaanguka kwenye sinia, nyeupe pe.

"Niachie sasa," nikamwambia. "Naweza."

"Sikuachii," akasema, na mkono akaukaza. "Piga kelele utakavyo."

Sikupiga. Nilikuna nazi ile mpaka ikaisha, yeye amechuchumaa nyuma yangu, na mamangu ametupa kisogo akijifanya anapepeta mchele.