Fundi Aliyeingia Kinyumenyume

Siku ya kwanza kumwona, aliingia kwenye chumba chetu cha ushonaji kinyumenyume, mkasi wake mkubwa ukiwa kwapani. Nilidhani anavuta mzigo. Alipogeuka kutusalimia, mguu wa kulia ukaanza kuburuta kama umefungiwa jiwe.

"Msishangae," alisema. "Mbele unagoma, nyuma unakubali. Hata mimi nimeuuliza, haujanijibu."

Kabla ya saa sita mafundi wenzangu walishampa jina: Rivasi, kama gari linalorudi nyuma. Wengine walinong'ona kwamba anaigiza, maana kilema gani kinachagua upande? Alicheka nao, lakini chakula cha mchana alikuja kukilia kwenye meza yangu ya pasi, pembeni. Mimi si msemaji, tangu utotoni. Nadhani ndiyo sababu.

Bosi alimpa wiki moja. Mashine zetu ni za kukanyaga. Mguu ukigoma, kazi hana.

Kila mchana alifungua simu yake yenye kioo kilichopasuka, akasoma masomo ambayo madaktari wameyaweka mtandaoni kwa wenye ugonjwa kama wake. Hospitali walimpiga picha kichwa na mgongo, hawakuona palipoharibika. Mama mkwe akasema basi ni uvivu. Masomo yale ndiyo yaliyomweleza kwamba ugonjwa ni wa kweli: mishipa ni mizima, ila ubongo na mguu havielewani, na ukiukazia macho ndipo unapozidi kugoma.

Aliyasoma, akayaelewa, kisha akarudi kwenye mashine na kuutazama mguu, aone kama somo limeingia. Fundi kazoea kukagua. Siku tatu nzima pedali haikwenda.

Siku ya nne akaniambia, "Kaka Pasi, hapa wameandika niishughulishe akili na kitu kingine. Niongeleshe."

"Niseme nini?"

"Chochote. Seng'enya hata kola."

Nikasema ninachokijua, kola za nguo zinazoletwa kurekebishwa. Kola hii, mwenyewe hutikisa kichwa akidanganya. Hii nyingine, mkewe kamnunia, anajifulia mwenyewe. Alicheka hadi machozi. Pedali ilikuwa inakwenda. Sikumwambia.

Siku ya mwisho bosi alikuja, akainama kuutazama mguu. Ukasimama papo hapo. Jasho likamtoka dada wa watu. Miaka kumi na minane sikuwahi kumwambia bosi neno zaidi ya shikamoo, lakini nilisikia sauti yangu:

"Bosi, mteja havai mguu. Tazama mshono."

Wote wakanigeukia mimi, bosi pia.

"Makubwa! Pasi kasema!" alidakia Rivasi. "Haya, na kola ya bosi inasemaje?"

"Hiyo naiogopa," nikajibu.

Chumba kikaangua kicheko, bosi naye akashindwa kujizuia. Tuliponyamaza, tulisikia mashine ikikimbia.

Alikaa nasi miaka miwili. Siku mbaya hazikwisha, ila zilipungua, na zilipokuja hakuzigombeza. Alisema tu, "Leo umeamka vibaya," akapumzika kidogo, akaendelea. Kisha akahama kwenda kushonea karibu na mama yake.

Siku ya kuaga alitoka uso mbele, mguu ukiburuta kidogo. Mlangoni akageuka.

"Kaka Pasi, mimi ulinigomea mguu tu, nikasumbua nchi nzima. Wewe ulimi umekugomea toka utotoni, na hujamwambia mtu."