Mume Wangu Anageuza Amri Tulizoziandika Pamoja

Wasomaji wa ukurasa huu, nawasalimu. Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na ninaishi kwenye miteremko ya Meru, juu ya Usa River. Naomba jina langu lisitajwe, kwa sababu mtu ninayemwandika ni mume wangu, naye husoma gazeti hili.

Mume wangu pia alikuwa mwalimu. Tulipostaafu, soko huria lilikuwa limeanza kuleta mashine za kila aina Arusha, nasi tukanunua kompyuta iliyokwisha kutumika, tukafungua ofisi ya uchapaji karibu na chuo cha uchungaji cha Makumira. Kompyuta hiyo ina skrini nyeusi. Unaiandikia amri, nayo inatii. Amri zake ni za Kiingereza, na wateja walikuwa wakizikosea. Mume wangu akagundua kwamba unaweza kuandika faili dogo lenye amri ndani yake, ukalipatia jina unalotaka. Mimi nikachagua maneno, yeye akaandika amri. Ukiandika ORODHA, unaona mafaili yako. Ukiandika HIFADHI, kazi yako inanakiliwa kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye diski yako. Watu walitoka mbali, hata Engutoto, kuja kujifunza. Tulifurahi sana na kazi ile.

Baada ya Pasaka alikuja mwanafunzi wa uchungaji, mtu mzima mwenye watoto wake, uso umemshuka.

"Shikamoo Mwalimu. Sura ya nne ya tasnifu yangu imerudi kama ilivyokuwa mwezi uliopita. Kwenye diski na kwenye kompyuta, kote."

"Marahaba. Labda hukuiandika," mume wangu akamjibu. "Wanafunzi wa siku hizi mnaota mmeandika, mkiamka mnatudai."

Wateja wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sura ile niliichapa kwa mikono yangu. Mume wangu alipokwenda kunywa chai, nilifungua faili la HIFADHI nikasoma kilichomo. Amri ilikuwa imegeuzwa. Badala ya kutoa kazi kwenye kompyuta na kuipeleka kwenye diski, ilichukua kazi ya zamani kwenye diski na kuifunika ile mpya. Nikaisahihisha bila kumwambia. Kesho yake asubuhi nilimkuta amekaa mbele ya mashine, miwani puani, akiandika polepole kwa uhakika, kama mtu anayesahihisha mtihani. Alikuwa akiigeuza tena.

"Kuna mtu anaharibu amri zangu," akaniambia bila kunitazama. "Kila nikitengeneza, anabomoa."

"Ni mimi niliyeirekebisha, Mwalimu. Ulikuwa umeigeuza."

Akavua miwani, akanikazia macho. "Nani alikutuma?"

Tumeishi pamoja ujana wetu wote na uzee wetu, na sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote. Tangu siku hiyo nikiingia ofisini anazima skrini. Jioni moja aliniuliza kama nimemlisha ng'ombe, wakati ng'ombe yule tulimuuza zamani. Nilipomwambia, alicheka, akasema alikuwa akinijaribu.

Kwetu jambo la mume hupelekwa kwanza kwa ndugu zake, mke haanzii nje. Nikaenda kwa kaka yake, nikamweleza yote. Akanijibu, "Shemeji, mtu akikosea mashine ya Wazungu ndiyo mmwite mgonjwa? Mimi mwenyewe nasahau majina ya mbuzi wangu. Mwache mzee afanye kazi yake." Hapo mlango wa ukoo ukafungwa.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mchungaji wetu alimshika mkono mbele ya wazee wa kanisa. "Mzee wetu, tuwekee na sisi hizo amri zako za Kiswahili." Lazima niwaeleze maana ya maneno hayo. Vitabu vya zamani vya usharika viliharibiwa na mchwa. Majina ya waliobatizwa na waliozikwa, yaliyookolewa kwa shida kutoka kwenye kurasa zilizobaki, yamo kwenye kompyuta moja tu, ya ofisi ya usharika. Diski yao ina sehemu ndogo ya mwanzo, tena yenye makosa mengi.

Juzi mume wangu alinionyesha kazi aliyoiandaa kwa ajili ya kanisa. Alikuwa na furaha, akanivutia kiti nikae karibu naye kama zamani. HIFADHI ameigeuza, na safari hii ameiingiza kwenye faili ambalo kompyuta hulisoma kila inapowashwa.

"Sasa hakuna haja ya mtu kukumbuka," akasema. "Ukiwasha tu, inajihifadhi yenyewe."

Nikamwomba nifuatane naye. Akasema akihitaji msaidizi atasema, akaitia diski yenye kazi hiyo mfukoni.

Jumatatu ijayo anakwenda kuiweka kwenye kompyuta ya usharika. Nikimweleza mchungaji, nitakuwa nimemvua mume wangu heshima mbele ya wazee wenzake, naye ataamini kwamba yule adui anayemwona ni mimi kweli. Nikinyamaza, mtu atabonyeza swichi asubuhi, diski yao ikiwa ndani, na majina ya watu ambayo hayajaandikwa mahali pengine popote yatafutika kabla chai haijachemka. Nyinyi mliowahi kuishi na mgonjwa ambaye bado anajiona mzima, niandikieni upesi: nimwendee nani, na nianze kwa maneno gani?