Maji Yaliyodhaniwa Kupotea

Duka la Severa liko Gerezani, Kariakoo. Mabomba meusi ya plastiki yamejaa humo hadi darini, yameviringishwa kama vitu vilivyolala. Mchana, jua linapokaza na wateja wakipungua, Severa hukaa kitini na kufumba macho, na Kariakoo yote, mikokoteni, honi, kelele za wauza mitumba, hugeuka maji. Ni maji ya mfereji wa kwao Kilimanjaro, ambao Wachaga wanauita mfongo, yakipita nyuma ya jiko la mama yake.

Lakini tangu Machi ndoto hiyo ilikuwa bubu. Maji yalipita bila sauti.

Machi ndipo alipopeleka bomba. Migomba ya mama yake ilikuwa ikinyauka, maana zamu yao ya maji ya mfereji ilikuwa saa nne tu kwa wiki, na nusu ya maji ilizama kwenye udongo njiani. Muuza mabomba hawezi kuvumilia jambo kama hilo. Alipakia roli tatu za bomba kwenye basi, fundi akazifukia, na maji yakafika shambani bila kupotea tone. Julai, jirani wa chini, mzee Elisaria, akafungua kesi mahakama ya mwanzo. Kisima chake kilikuwa kimekauka.

"Wivu tu," Severa alimwambia Mbaruku, mwenye duka la koki la pembeni. "Zamu yangu, bomba langu."

"Hakimu mwenyewe akipita hapa atanunua bomba, Mama Nice. Ila mbona siku hizi unasinzia umekunja uso?"

Wiki moja kabla ya kesi kusikilizwa, Elisaria akatokea mlangoni. Alikuwa amekuja mjini kumwona bintiye. Severa akasimama. Kesi ni kesi, lakini mzee huyu alimvusha mfereji ule mgongoni alipokuwa mdogo.

"Shikamoo, Baba Heriel."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Maji ya bomba yanakupenda."

Mbaruku akaangua kicheko, kisha akajifanya anakohoa.

Elisaria akafungua mfuko wake, akapanga juu ya kaunta magimbi matano, membamba kama vidole vya mguu. "Ya ukingoni mwa mfongo. Unakumbuka yalivyokuwa?"

Alikumbuka. Gimbi moja alilibeba kwa mikono miwili.

"Maji uliyoona yanapotea njiani ndiyo yaliyokuwa yakiyanywesha haya. Yaliyobaki yakashuka kisimani kwangu. Baba yangu hakupewa zamu, Severa. Waliogawa walisema, huyu yuko chini, yatamfikia yenyewe."

Severa akashika gimbi moja. Tangu ujana wake alipima maji kwa inchi, na hakuwahi kujua kwamba hata yanayovuja yalikuwa fungu la mtu. Akampigia mama yake palepale, akaweka spika.

"Mama, nikilitoa bomba, migomba ya mwisho itakufa."

"Itakufa michache," sauti ya mama ikajibu. "Mimi tangu ulilete silali vizuri. Nilizoea kulala nayasikia."

Severa akamtazama mzee. "Zamu moja bomba, zamu moja udongo?"

Elisaria akayageuza magimbi yake, moja baada ya jingine.

"Anza na udongo," akasema. "Kesi nitaifuta siku nitakayochota kisimani."

Jumatano mchana, siku ya zamu, mama alishusha simu hadi karibu na mfereji. Severa akaziba sikio la pili kwa kidole. Mwanzoni alisikia upepo kwenye migomba. Kisha, kwa mbali, kitu kama mtu anayenong'ona akitembea.

"Dada, hili la inchi moja mnauzaje?" mteja akauliza.

Severa akamwinulia mkono asubiri.

"Mama, yamefika kwa Elisaria?"

"Bado, mwanangu. Ndiyo kwanza ukingo unakunywa."

Severa akafumba macho, akaendelea kusikiliza.