Vioo vya Bi Daktari

Mjini hapa hakuna seremala anayenishinda kwa kazi safi, na darasani nilikaa miaka miwili tu. Bi Daktari anayemtibu mwanangu Mwanaidi uvimbe wa taya akaniagiza kasha la vioo vyake vidogo vya maabara, akanipa na vioo vyenyewe nipimie. Nikaviona vina madoa ya zambarau. Mimi nikabidhi kazi chafu? Nikatia spiriti ya vanishi kitambaani, nikavisugua mpaka vikang'aa.

Nilipompelekea, alikuwa na kioo kingine kipya kwenye darubini.

"Fundi Haji, chungulia. Hizi ni seli za saratani ya Mwanaidi. Dawa imezifanya zijiue zenyewe."

Subhanallah! Vitu vidogo hivyo vya zambarau, vimepasukapasuka kama karafuu zilizokanyagwa. Kumbe ndani ya taya la mwanangu mna vita, na tunashinda! Machozi yakanitoka, nikajifuta kwa kitambaa kile kile.

"Seli za kabla ya dawa ziko kwenye vioo ulivyoniletea kashani," akasema. "Nikilinganisha ndipo nijue nimwongeze dawa au basi."

Kisha akanitazama.

"Fundi, mbona uso wako umekuwa zambarau?"