Bi Kumi na Mtoto Aliyeitwa Sijui

Jina lake kamili, kama linavyotajwa kuanzia duka la dawa mpaka geti la shule, ni Bi Kumi Fundi Sare. Ni binti wa mwashi aliyejenga ukuta wa shule ya msingi bila kuomba karatasi ya kuandikia hesabu, na mjukuu wa mkunga aliyewapokea duniani nusu ya wazee wanaotembea na mikongojo leo. Yeye mwenyewe ameshona sare za shule hiyo miaka arobaini na mmoja. Cherehani mbili zimemfia mikononi, na ya tatu bado inamwogopa.

Elimu yake ni ya darasa la saba na hajawahi kuificha. "Darasa la saba la wakati ule," husema, "siyo hili lenu la kuvusha watoto kama mbuzi mtoni."

Hilo jina la Kumi alilipata akiwa na miaka kumi na sita, wiki yake ya kwanza ya kujifunza ufundi kwa shangazi yake. Aliitua pasi ya mkaa mezani, akageuka kumchungulia bwana harusi aliyekuja kupimwa suti, na pasi ikala sentimita kumi za mwanzo za futi. Ile futi ya kitambaa, ya kuzungusha kiunoni, ikawa inaanzia kwenye kumi. Shangazi hakumpiga wala hakununua nyingine.

"Utatumia hiyo hiyo," alisema, "mpaka macho yako yawaache mabwana harusi wa watu."

Basi kila alichopima alilazimika kuondoa kumi kichwani, na kila alichokata aliongeza kumi. Mwezi wa kwanza alisahau kuongeza, akakata mashati tisa ya kwaya, mikono yote mifupi kwa sentimita kumi. Shangazi aliyatazama mashati, akamtazama yeye, kisha akaipunguza mikono mpaka kwenye viwiko. Kwaya iliimba mwaka mzima viwiko nje, na watu wakadhani ni mtindo mpya.

Ile futi iliyoungua ilishachakaa zamani. Lakini mpaka leo Bi Kumi akinunua mpya, kitu cha kwanza anachofanya ni kushika mkasi na kuikata kumi za mwanzo. Wateja wageni hudhani ameanza kuchanganyikiwa.

"Futi nzima inanilaza akili," huwajibu. "Hii inaniamsha."

Siku moja mama mmoja, mfuaji wa nyumba ya wageni, alimleta binti yake wa darasa la nne apimwe sketi. Mtoto alikuwa na shingo ndefu na macho ya kutazama sakafu. Bi Kumi alimzungushia futi kiunoni.

"Futi inasema sabini na moja. Ondoa kumi, uniambie kiuno chako."

"Sijui."

"Msamehe, bibi," mama yake aliingilia haraka. "Ndivyo alivyo. Hata wenzake wanamwita Sijui. Na siyo kosa lake, sisi ukoo wetu mzima hesabu zinatukimbia."

"Hesabu hazina miguu. Zitakimbiaje?"

Mfuaji alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia, akasimulia. Shule ilikuwa imepata mwalimu mpya wa hesabu. Kila asubuhi aliwasimamisha watoto na kuwauliza hesabu za kichwa, na aliyechelewa kujibu alibaki wima mpaka kipindi kiishe. Binti aliwahi kujibu kwa kukosea, darasa likamcheka mpaka akatoka nje, na tangu siku hiyo jibu lake kwa kila swali lilikuwa moja. Baada ya wiki tatu kungekuwa na jaribio la kujibu kwa mdomo mbele ya wazazi. Asiyepata maswali matatu kati ya manne angerudishwa darasa la tatu.

"Na darasa la tatu ndiko aliko mdogo wake," mama alisema. "Yule mtundu keshamtengea nafasi kwenye dawati. Anawaambia watu, dada yangu anahamia kwangu."

Mtoto alilia bila sauti, machozi yakaangukia futi. Bi Kumi akaifuta kwa gauni lake.

Kesho yake alipeleka mashati shuleni mwenyewe, kazi ambayo kwa kawaida angemtuma mtu. Mwalimu alikuwa kijana mrefu, safi, mwenye suruali iliyoishia juu ya vifundo vya miguu. Bi Kumi aliitazama ile suruali kwa huruma ya kikazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya yule binti wa mfuaji."

"Yule hajui, bibi. Nimejaribu."

"Hajui, au anaogopa kujua mbele yako?"

Mwalimu alikunja uso. "Hesabu ni jibu. Ama unalo, ama huna."

"Nipe hizi wiki tatu. Akishindwa, mrudishe, na mimi nitakushonea suruali ya bure inayofika chini."

Walimu wawili waliokuwa wakisahihisha madaftari wakainamisha vichwa kwa pamoja. Mwalimu alitazama miguu yake, akakubali.

Wiki ya kwanza mtoto alikuja kila saa nane mchana, akakaa kwenye benchi kati ya marobota ya vitambaa, akingojea kufundishwa. Bi Kumi hakumfundisha. Alimpa futi, akamwambia, "Upana wa mlango huo ni kiasi gani? Usipime kwanza. Kisia."

"Sijui."

"Sijui siyo namba. Nitajie yoyote, hata ya uongo. Tutaijaribisha mlangoni tuone kama inaukaa."

Mtoto alifikiri sana. "Mia mbili."

"Mia mbili! Huo ni mlango wa ghala, mama. Hapo lori linapita. Haya, pima."

Alipima. Futi ikasema tisini na moja. Akasimama akiitazama, midomo ikicheza. "Themanini na moja?"

"Unaniuliza mimi? Mlango uko hapo."

"Themanini na moja."

Meza akaikisia mia moja na hamsini, ikawa mia moja na ishirini. Benchi alilikosea kwa nane, dirisha kwa tatu. Kufikia Ijumaa alikuwa akikisia viuno vya wateja kabla hawajakaa, na mama mmoja mnene alitishia kuhamia kwa fundi mwingine.

Wiki ya pili ndipo zilipokuja hesabu zenyewe, tena kwa mdomo tu, Bi Kumi akiendelea kukanyaga cherehani. "Arobaini na saba na thelathini na nane." Mtoto akijibu, hakuambiwa ndiyo wala siyo. Aliulizwa tu, "Umepitia wapi?" Na alipaswa kueleza safari yake, kama mtu aliyetumwa sokoni. Nimetoka arobaini na saba, nikachukua tatu nikafika hamsini, zikabaki thelathini na tano, nimefika themanini na tano. Akieleza, mara nyingi kosa alijikuta amelikanyaga mwenyewe njiani. Kosa lake kubwa lilikuwa lile lile la wanafunzi wote wa ushonaji katika chumba kile: kusahau kumi. Bi Kumi alikuwa na neno moja tu kwa hilo. "Fumua." Alilisema bila kuinua macho, kama anavyowaambia wanaoshona pindo kombo. Mtoto anafumua, anaanza upya, hakuna anayekufa.

Siku ya jaribio wazazi walibanwa kwenye madawati ya nyuma, magoti yakiwafika kidevuni. Bi Kumi alikaa karibu na mfuaji, ambaye alikuwa akikunjakunja leso mikononi kama anayekamua shuka. Kule dirishani mdogo mtu alikuwa ameng'ang'ania nondo, akitabasamu.

Binti aliitwa wa kumi na moja. Swali la kwanza alilipata, la pili akalipata. Bi Kumi alijinyoosha mgongo. La tatu alilikosa kabisa, na mwalimu akasema, "Linalofuata ndilo la mwisho kwako. Mia moja, ondoa thelathini na saba."

"Sabini na tatu."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Kule dirishani mdogo mtu akapiga kofi. Mfuaji alifunika uso kwa leso, na Bi Kumi, aliyeingia mle ndani kichwa juu, akasogea ukingoni mwa dawati. Hakuwa na wasiwasi na suruali. Alikuwa akimtazama mtoto shingoni, akingojea kuona kama itainama.

Haikuinama.

"Ngoja, mwalimu," binti alisema kwa sauti iliyozidi vicheko. "Nimesahau kumi. Nafumua."

"Unafanya nini?"

"Nafumua. Kutoka thelathini na saba nachukua tatu, nafika arobaini. Kutoka arobaini mpaka mia ni sitini. Sitini na tatu. Ile ya kwanza ilizidi kumi."

Vicheko vilikatika kimoja kimoja. Mwalimu alikuwa ameshaweka kalamu kwenye karatasi, tayari kuandika kosa. Aliishikilia hapo hapo. Alitazama wazazi, akatazama karatasi yake.

"Jibu ni moja tu," alisema polepole.

"Ni moja," binti alijibu. "Ni sitini na tatu."

Mzazi mmoja wa kiume akaguna "Eeh!" kama aliyeona bao. Mwalimu alikuna shavu, kisha, bila kusema linalofuata ni la ngapi, akamrushia jingine: "Mia mbili, ondoa mia moja na arobaini na sita."

"Hamsini na nne. Nimepitia mia na hamsini."

"Ishirini na tisa mara tatu."

"Thelathini mara tatu ni tisini, zimezidi tatu, nazirudisha. Themanini na saba."

Mwalimu aliandika. "Kaa chini," alisema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule aliongeza, "Asante." Kule dirishani nondo zilikuwa zimeachiwa.

Jioni ile mfuaji alifika kwa Bi Kumi na kitambaa kipya cha gauni, amekikunja kwenye mfuko. Alianza kushukuru tangu mlangoni, huku akikitoa.

"Bibi, umemtoa kwenye damu yetu. Mimi sitaweza kamwe, lakini yeye..."

"Hebu keti." Bi Kumi alisukuma cherehani pembeni. "Kule kwenye nyumba ya wageni unafua vyumba vingapi?"

"Kumi na nane."

"Mashuka mawili kila chumba. Ukiyaanua kwenye kamba unajuaje kuwa yametimia?"

"Si yanakuwa thelathini na sita?"

"Na foronya ni tatu kila chumba?"

"Hamsini na nne. Zikipungua najua papo hapo, maana yule meneja..." Mfuaji aliinua mikono. Alitazama vidole vyake, vyeupe kwa sabuni, kama vimezungumza bila ruhusa.

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna. Nahesabu tu wakati nakunja."

"Kimyakimya."

"Eeh."

"Ndiyo maana mtoto hajawahi kukusikia." Bi Kumi aliirudisha ile zawadi kwenye mfuko na kuufunga fundo. "Hiki utakishona mwenyewe, nitakuonyesha. Sasa sikiliza. Jumatatu naanza sketi za darasa la pili, thelathini na mbili, kila moja marinda yake. Macho yangu yanataka mtu wa kukata. Utakuja saa nane, ukitoka kazini, na binti yako atakaa pale benchini. Kila kipimo utakitaja kwa sauti, na njia uliyopitia utaitaja."

"Nikikosea je, bibi? Mbele yake?"

"Kosea kwa sauti, mtoto asikie. Na uje na mkasi wako. Wangu siazimi mtu."