Kumenya Karanga Nachingwea, na Zena Mgongoni

Mwaka ule mume wangu Hamisi alijikata mguu kwa shoka akifyeka shamba. Kabla kidonda hakijafunga, habari ikafika Malolo kwamba Nachingwea, kwenye mashamba makubwa ya karanga, wanatafuta wanawake wa kumenya mbegu kwa mikono. Mashine ilikuwa inazipasua, na mvua zilikuwa karibu. Kila msimu mwenda Nachingwea alikuwa yeye. Safari hii alinitazama, akamtazama Zena wetu wa miezi minane, akasema, "Nenda wewe. Hawa wakubwa nitakaa nao mimi."

Mawifi zangu walinuna. Walisema anayenyonyesha haendi kuajiriwa. Nilifunga unga wa mtama kwenye kitambaa, nikambeba mtoto.

Tuliondoka Malolo alfajiri, mimi na jirani yangu Somoe, naye akiwa na mtoto wake mgongoni. Mchana tukaipita Ruangwa bila kupumzika sana. Jua lilipopoa tukafika Nkowe, miguu imevimba, tukapokewa na bibi mmoja aliyekuwa akianika mihogo. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, tukasemezana Kimwera. Tulipomweleza tunakokwenda, akasema, "Mimi nimelima na watoto saba mgongoni. Hakuna aliyesema nina kazi." Akatupa mihogo ya njiani.

Siku ya pili barabara ilikuwa ya vumbi jekundu, malori yakitupita na kutuacha tumefumba macho. Nilipoona msitu umeng'olewa hadi upeo wa macho, nilijua tumekaribia. Tulilala Nambambo kwa binamu yake Somoe.

Asubuhi ya siku ya tatu tulikuwa mlangoni kwa ghala la mbegu. Wanawake walikuwa wengi: Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wamakua. Nyapara alipita akichagua. Wasio na watoto aliwapeleka upande wa karani waandikwe. Sisi wenye watoto, kumi na mmoja, alituambia turudi makwetu, kwamba pale ni kazini, si mahali pa kulelea.

Somoe alikwisha kugeuka. Aliyetuzuia ni mama mmoja wa makamo aliyeitwa Biti Kalonga, ambaye alikuwa ameandikwa tayari. Alitoka nchi ya Nyasa, ng'ambo ya ziwa, mumewe akiendesha trekta pale mashambani, na Kiyao chake nilikifuata kwa shida. Alisema kwao akina mama huchuma chai na watoto mgongoni, na hakuna anayewafukuza. Akatuonyesha ofisi ng'ambo ya barabara. Mama wa Kizungu alikuwa ndani akipiga taipu, na barazani yaya alikuwa akimbembeleza mtoto wa mama huyo. Biti Kalonga akasema, "Yule naye ni mama. Ana mtu wa kumshikia mtoto, basi."

Ndipo tukamrudia nyapara. Tulimwomba kibanda kitupu kilichokuwa nyuma ya ghala, Biti Kalonga awaangalie watoto humo, nasi tutoke kunyonyesha kwa zamu. Alifikiri, akakubali kwa siku sita. Ila Biti Kalonga, alisema, afutwe kwenye daftari, maana kukaa na watoto si kazi.

Sijui nilipata wapi sauti. Sikuwahi kumjibu mwanamume mgeni. Nilimwambia, "Bwana, akifutwa yeye, nasi usituandike."

Nilikaa chini. Somoe akakaa, kisha wale tisa. Hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni wale wasio na watoto, walioandikwa tayari, kuweka vikapu chini mmoja baada ya mwingine. Nyapara alitazama magunia yaliyopangwa mpaka juu, akatazama mawingu, akaingia kwa karani. Alipotoka alisema neno moja: "Asifutwe."

Karani aliponiuliza jina la mume, nilimpa langu: Fatu binti Mkwanda. Akaliandika kwenye kipande, kadi yangu ya kazi.

Tulimenya mpaka vidole vikaota sugu. Siku sita zilipita bila nyapara kuzitaja. Mvua ya kwanza iliponyesha, gunia la mwisho la mbegu lilikuwa limekwisha kwenda shambani, na Zena alikuwa ameota meno mawili mikononi mwa Biti Kalonga.

Kurudi, tulipewa lifti ya lori mpaka Ruangwa, tukiimba. Nyumbani nilimkuta Hamisi akisonga ugali amesimamia mguu mmoja, watoto wamenenepa. Mguu ulipopona, hakuwahi tena kuniambia kwamba nashinda nyumbani bure. Nami nilikuwa nimejifunza kitu ambacho sikukijua nilipoondoka: nilidhani nimeanza kazi siku nilipopewa kipande, kumbe nilikuwa kazini tangu nilipozaa.

Msimu uliofuata tulitoka Malolo wanawake tisa. Mawifi zangu wawili walitangulia mbele, watoto mgongoni.