Tulimpa Maiti wa Gemu Jina la Shangazi

Sina faida ya kukudanganya. Ukifika Musoma, nenda Nyakato, uliza nyumba ya mtoto asiye na jina. Utaletwa mpaka mlangoni, na mimi ndiye mama yake.

Mwanetu alipozaliwa tulimwita Vanessa. Alikuwa analia huyo! Mchana kilio, usiku kilio, zahanati wanasema hana ugonjwa. Mama mkwe wangu akapiga simu kutoka Butiama: "Huyo analilia jina. Mpeni Wakuru, atatulia." Wakuru alikuwa shangazi yake mume wangu. Alikufa msichana, hajaolewa, hajazaa, mume wangu mwenyewe bado hajazaliwa. Kwao mtu wa hivyo hana pengine pa kubaki, ni kwenye jina la mtoto tu. Mimi mtu wa Bunda nilikuwa tayari kabisa. Aliyekataa ni Wambura, mume wangu. Eti mtoto wake watamcheka shule.

Sasa starehe yetu sisi wawili ilikuwa gemu. Wambura alinunua mashine iliyotumika, na tulikuwaga tunacheza gemu moja ya upelelezi. Mwanamke amekutwa amekufa sebuleni, yuko juu ya zulia, gauni la kijani, na nyie mnahoji watu wa ile nyumba mpaka mumpate muuaji. Maneno yote Kiingereza. Wambura ananitafsiria, mimi naona vitu ambavyo yeye havioni. Ili nisichanganyikiwe, wale watu tuliwapa majina ya majirani zetu, tukawa tunacheka mpaka basi. Maiti peke yake ndiye hatukumpa.

Siku hiyo mtoto analia mgongoni kwangu, simu ya mama mkwe inaita. Wambura hata hakuipokea. Akanyoosha kidole kwenye tivii, akasema, "Wakuru ni huyu hapa! Jina limeshapata mwenyewe, mama aache kusumbua."

"Baba Vanessa, acha hayo!" nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa.

Jumapili yake, mchana kweupe, tumetoka kanisani tunacheza, akaingia mwanamke kavaa gauni la kijani. Hodi hakupiga. Nikasema, "Karibu, dada." Akajibu, "Mmeniita, nimekuja." Kwa jinsi alivyoongea nikajua tu ni ndugu yake Wambura wa Butiama. Na mgeni utamuulizaje jina hata hajala? Akaomba mtoto, nikampa. Niamini, yule mtoto alinyamaza pale pale. Nilifurahi, jamani! Nikaenda jikoni kusonga ugali, na sato nilikuwa naye wa kutosha.

Wambura akanifuata jikoni, ananong'ona. "Huyu ndugu yako atalala?"

"Ndugu yangu? Si wa kwenu Butiama?"

"Mimi simjui! Nilijua wa kwenu Bunda!"

Mwiko ulinidondoka. Na mtoto wangu yuko kwake!

Tukakimbilia sebuleni. Amekaa pale pale, mtoto kwenye paja, rimoti yangu ya gemu mkononi. Kwenye tivii zulia lilikuwa tupu. Maiti hayupo. Na lile gauni la kijani ndilo alilovaa yeye. Kwa nini sikuliona mwanzo? Ndilo ninalojiuliza mpaka leo.

"Mnatafuta nani amemuua," akasema, wala hakupandisha sauti. "Mimi sikuuawa na mtu. Niliomba jina tu." Akamgeukia Wambura. "Langu ukampa maiti. Haya, la mwanao naondoka nalo."

Akaniwekea mtoto mikononi, akatoka. Nje walikuwepo majirani wanasuka nywele. Hakuna aliyemwona akipita.

Nikamkumbatia mtoto nikaita, "Vanessa! Vanessa wangu!" Akakakamaa. Macho juu, midomo ikawa myeusi, pumzi hakuna. Niliponyamaza, akapumua.

Tulimpeleka Butiama kesho yake. Mama mkwe alimpokea, akamwita Wakuru kama inavyotakiwa. Ikawa vile vile, mtoto akakata pumzi. Yule mama alilia, akamwambia mwanawe, "Hilo ulishalitoa, na aliyepewa amekuja nalo. Utamnyang'anya nani?" Tumejaribu na mengine, ya kanisani, ya kwetu Bunda. Kila jina linamkaba. Sasa hivi tunamwitaga "wewe" au "mtoto," na mwalimu wa chekechea huko Buhare tumemwomba amwonyeshe kidole tu.

Ile mashine niliitwanga kwa mchi mpaka ikawa vipande, Wambura anaangalia. Shangazi simlaumu. Alidhihakiwa, akalipiza, hata mimi ningelipiza. Wambura ndiye sijamsamehe, na sina haraka. Wewe unayenisikiliza, kama kwenu kuna marehemu anaomba jina, mpe, au kaa kimya. Usimfanyie utani, hata mbele ya tivii, hata kama unaona hayupo.

Juzi mtoto ameanza kuuliza: "Mama, mimi naitwaga nani?"

Nikamwambia, "Kamuulize baba yako." Alikwenda, akasimama mbele yake, akamuuliza. Nilikuwa mlangoni nikamwangalia Wambura anavyotafuta pa kuweka uso. Na kila akiniuliza, nitamtuma huko huko.